Picha bila kamera: jinsi ya kutengeneza fotogramu kama kina Schad, Man Ray na Moholy-Nagy

Ukitaja picha za majaribio za miaka ya 1920 wengi wanawaza lile likamera la mbao, mtu kajifunika kitambaa cheusi, kumbe nyingi kati ya zile zinazotundikwa makumbusho leo hazikupita kwenye kamera yoyote. Karatasi ya picha, vitu juu yake, mwanga, imeisha hiyo. Ndo inaitwa fotogramu, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuifanya bafuni kwako, ama hata uani ukiwa na jua la kutosha, ambalo huku kwetu si tatizo.

Nitaenda na watu watatu maana kila mmoja alikuwa na njia yake, na ukizifuata kwa mpangilio huu unaanza na ile isiyotaka giza wala dawa nyingi, afu unapanda taratibu. Mwishoni nimeongeza mawili ya ziada kwa walionogewa.

Kwanza elewa kinachotokea. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa chumvi za madini ya fedha, ikipigwa mwanga inageuka nyeusi (mara moja au baada ya kusafishwa kwa dawa, inategemea njia), palipofunikwa panabaki peupe. Kwahiyo kila kitu kinakuja kinyume, kivuli ni cheupe na mwanga ni mweusi. Ukishalizoea hilo utaacha kuangalia kitu kwa sura yake, utaanza kukiangalia kwa namna kinavyopitisha mwanga, na kwa kweli kazi yote iko hapo.

Vitu kabla ya karatasi

Usikimbilie kununua karatasi. Pita nyumbani na boksi, kusanya vitu, afu kimoja kimoja kishike mbele ya dirisha ukitazame. Ufunguo, mkasi, sarafu na kijiko havipitishi kitu, vitakupa umbo jeupe pee, safi ila linachosha haraka ukilirudia. Glasi ya maji, kizibo cha chupa ya marashi, balbu iliyoungua, lenzi ya miwani ya zamani, hivi ndo mali, sababu kioo kinapinda mwanga na kuumwaga pembeni kwa mistari ambayo huwezi kuichora kwa mkono. Halafu kuna vya katikati: kipande cha chandarua, chujio la chai, karatasi iliyolowa mafuta ya chapati, leso, filamu ya eksirei.

Na ganda la kitunguu. Sichekeshi. Chukua lile la nje kabisa, jekundu, kavu, linyooshe taratibu lisipasuke. Kwenye picha linatoka na mistari yote iliyosimama toka juu mpaka chini, penye tabaka mbili panakuwa peupe zaidi, penye tundu panapigwa weusi, na mtu anayeangalia hawezi kukisia ni nini, anaweza kudhani ni ramani au ngozi ya mnyama.

Majani na maua mimi nakushauri uyaache kwanza. Yanapendeza ndiyo, ila Anna Atkins kule Uingereza alishaifanya kazi hiyo tangu 1843, alitengeneza kitabu kizima cha mimea ya baharini kwa picha za bluu, na alikimaliza vizuri tu. Hawa wa baada ya vita kuu ya kwanza walikuwa wanatafuta kitu kingine, walitaka kitana chako cha kila siku ukione kama hujawahi kukiona.

Njia ya kwanza, ya Schad: jua na takataka

Christian Schad alikuwa Mjerumani aliyekimbilia Uswisi 1915 kukwepa kupelekwa vitani. Mwaka 1919 akiwa Geneva alianza kuokota vitu ovyo, vipande vya nguo, karatasi zilizochanika, kamba, vitu vilivyotupwa, anavipanga juu ya karatasi ya picha, anakandamiza na kioo, anaviacha dirishani jua lifanye kazi. Picha zenyewe ndogo tu. Akimaliza anazikata kingo zikae hovyo hovyo, kona imezidi huku, imepungua kule, ili isiwe mstatili kama picha ya mtu yeyote. Tristan Tzara, kinara wa harakati za Dada (wasanii waliokuwa wanaikejeli sanaa ya kawaida), aliipenda mpaka akachapisha moja kwenye jarida lao mwaka 1920.

Karatasi aliyotumia yeye ilikuwa ya aina inayojitokeza yenyewe juani bila dawa, siku hizi kuipata ni kazi, ila karatasi ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe ukiiweka juani muda mrefu nayo inajitokeza, tofauti haiwi nyeusi, inakuja pinki, zambarau, kahawia, kila kampuni na rangi yake. Hapa hata karatasi iliyoexpire inafaa, tena wengine wanaitafuta hiyo hiyo kwa makusudi, kwahiyo ukipita kwa mzee yeyote aliyewahi kuwa na studio enzi za filamu muulize kama ana paketi imebaki kabatini, utaipata kwa bei ya soda au atakupa bure.

Subiri jioni au funga mapazia, fungua paketi penye mwanga hafifu, toa karatasi moja, funga fasta, na paketi irudi kwenye nailoni nyeusi mara mbili. Kujua upande wenye dawa, lowesha kidole kidogo sana na uguse kona, upande unaonatanata ndo wenyewe, huo unaangalia juu. Weka karatasi juu ya kipande cha ubao au boksi gumu, panga vitu vyako, funika na kioo cha fremu ya picha, bana pembeni na vibanio vya nguo, peleka juani.

Muda? Kwa jua letu la saa sita mchana utaona inaanza kubadilika rangi hapo hapo unaangalia, ila usishawishike kuitoa, iache nusu saa mpaka masaa mawili ndo rangi iingie vizuri. Vitu vyenye kimo angalia saa, maana jua linatembea na kivuli kinatembea nalo, saa sita kivuli kiko chini ya kitu, saa kumi kimelala, na ukiacha muda mrefu katikati unapata kivuli kimeburutwa. Wengine wanaliona hilo ni kuharibika, mimi ndo napenda. Na kitu chenye majimaji, mfano kipande cha nyanya au kitunguu kibichi, kinaacha madoa ya rangi za ajabu pale unyevu ulipogusa dawa ya karatasi. Jaribu.

Ikitoka, kabla ya kitu kingine chochote ipige picha na simu au iskani mara moja, ndani, penye mwanga mdogo, sababu bado iko hai na itaendelea kukolea kila inapoona mwanga. Ukitaka idumu lazima uitie kwenye fiksa (dawa inayoizuia karatasi isibadilishwe tena na mwanga) dakika mbili tatu na uisuuze kwa maji mengi, sasa fiksa inapunguza rangi, zambarau iliyokuwa inakuchekea inashuka kuwa kahawia ya chai ya maziwa. Huna ujanja, ndo maana nasema skani kwanza. Halafu chukua mkasi ukate kingo kama Schad, usiogope.

Njia ya pili, ya Man Ray: chumba cha giza

Hapa unahitaji dawa. Devolopa (ndo inayoitoa picha), fiksa, na kati yake ya kuzuia (siki nyeupe iliyopunguzwa na maji inafanya kazi), trei tatu za plastiki ambazo hazitarudi tena jikoni, balbu nyekundu, glavu, na bafu isiyo na dirisha au dirisha lililozibwa vizuri. Ziba usiku ukae humo ndani dakika kadhaa macho yazoee, utashangaa mwanga unavyopenya chini ya mlango. Na simu izime kabisa, siyo sailenti, ikiwaka kioo tu karatasi imeungua.

Balbu nyekundu usiiamini kwa rangi yake, maana balbu za kupaka rangi za madukani nyingine zinavujisha mwanga mwingine. Ipime hivi: weka karatasi chini ya hiyo taa, juu yake weka sarafu, kaa dakika tano, afu isafishe kwenye devolopa. Ikitoka nyeupe yote, uko salama. Ukiona duara la sarafu linaonekana, balbu hiyo itakuharibia kila kitu, isogeze mbali au tafuta nyingine.

Sasa Man Ray. Mmarekani, mzaliwa wa Philadelphia, alifika Paris Julai 1921, akawa anapiga picha za mitindo kwa fundi nguo maarufu Paul Poiret ili apate kula. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja akiwa anasafisha hizo kazi za mtu, karatasi isiyopigwa mwanga iliingia kwenye dawa pamoja na nyingine, akasubiri picha itokee, haikutokea kitu, akakasirika kwa hasara, akaweka juu yake faneli ndogo ya kioo, kipimio na temometa bila kufikiria, akawasha taa. Umbo likaanza kujitokeza mbele ya macho yake. Mwaka 1922 akatoa mkusanyiko wa picha 12 za namna hiyo, nakala 40 tu, utangulizi kaandika yule yule Tzara. Akazipa jina lake mwenyewe, rayografu, ingawa Schad alishamtangulia, ndo Man Ray huyo.

Wewe panga vitu juu ya karatasi chini ya taa nyekundu, mulika kwa taa nyeupe, ondoa vitu, safisha. Kwa kumulika tochi ndogo iliyofunikwa tishu moja, ukiishika kama mita moja juu, sekunde moja mpaka tatu mara nyingi zinatosha, ila pima kwanza: kata kipande cha karatasi, kifunike na kadi, mulika sekunde moja, sogeza kadi kidogo mulika tena, sogeza mulika, ukikisafisha utakuwa na ngazi ya kijivu mpaka nyeusi na utachagua mwenyewe. Karatasi usiipoteze kwa kubahatisha, ni ghali.

Kusafisha ni hivi: devolopa kama dakika moja mpaka moja na nusu huku unatikisa trei taratibu, siki sekunde 15, fiksa dakika mbili, afu maji yanayotiririka dakika tano kwa zile karatasi zenye plastiki. Maelekezo mengi ya dawa yamepigwa kwa nyuzi 20, sasa Dar mwezi wa pili maji ya bomba yenyewe yana joto kuliko hapo, picha itakurupuka nyeusi kabla hujajipanga. Weka trei ya devolopa ndani ya beseni kubwa lenye maji na vipande vya barafu. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake, usiimwage bustanini wala karibu na kisima, ihifadhi kwenye dumu lenye alama mbali na watoto, afu ulizia maabara au watu wa eksirei wao wanaipeleka wapi.

Ukishapata picha moja nzuri fanya kile Man Ray alichokuwa anafanya kweli, yaani kumulika zaidi ya mara moja. Ile rayografu yake ya busu ya 1922, ukiikazia macho unaona mikono miwili, vichwa viwili vinabusiana, na juu yake trei mbili za dawa, vyote vimekaa kwenye karatasi moja. Alimulika mikono, kisha vichwa, kisha trei. Ndo maana kuna nyeupe na kuna kijivu: palipofunikwa kila mara pamebaki peupe kabisa, palipofunikwa mara moja tu pakapata mwanga wa zamu nyingine. Kwahiyo gawa muda, kama karatasi yako inataka sekunde tatu, mulika moja moja mara tatu, kila ukimulika sogeza kitu kimoja au ongeza kingine. Mkono wa mtoto, halafu mkono wa bibi yake juu yake, unapata kitu cha kutundika ukutani (nawa mikono na uikaushe, jasho linaacha alama).

Na kama huna vitu, nenda jikoni. 1923 Man Ray alihitaji filamu fupi haraka, akakata vipande vya filamu, vingine akavinyunyizia chumvi na pilipili kama mtu anaunga mchuzi, vingine akamwagia pini, akawasha taa sekunde moja mbili. Imo kwenye filamu yake ya kwanza. Chumvi ya mawe kwenye karatasi inatoa kitu kama anga la usiku, nyota nyeupe kwenye weusi. Ipukute vizuri kabla ya kuitia kwenye dawa.

Njia ya tatu, ya Moholy: taa ndo brashi

László Moholy-Nagy wa Hungary alianza Berlin mwaka 1922 akiwa na mkewe Lucia Moholy, na hapa lazima niseme, Lucia ndo alikuwa anajua upande wa picha na dawa, alikuja kuandika baadaye kwamba majaribio yale waliyawaza pamoja, lakini vitabu vingi jina lake vimelipitia tu pembeni. 1923 Moholy akaitwa kufundisha Bauhaus, ile shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, ambako cha ajabu darasa rasmi la upigaji picha halikuwepo mpaka 1929, na kufika hapo yeye alishaondoka.

Tofauti yake na Man Ray ni kubwa ukiangalia. Man Ray anataka ukitambue kitana halafu ushangae kinafanya nini pale. Moholy hajali kitana, anataka mwanga wenyewe, kijivu kinachoyeyuka kuingia kwenye cheusi, mstari unaoelea, usijue ni kitu gani kiliweka kivuli.

Kuupata mtindo huo usiweke vitu juu ya karatasi. Chukua kile kioo cha fremu, kiinue juu ya vikombe vinne, kama sentimita kumi hivi, karatasi iko chini, vitu viko juu ya kioo. Kingo zote zitalainika. Kisha tochi usiisimamishe katikati: tengeneza koni ya karatasi nyeusi uivalishe tochi, mwanga utoke kitundu kidogo, mulika toka kushoto karibu na usawa wa meza, zima, zunguka, mulika toka kulia juu zaidi, zima, mara ya tatu unaipitisha kwa mwendo. Kila upande unaleta kivuli chake, vinapishana, na vitu viwili vinageuka sita. Karatasi ngumu iliyokunjwa kama feni ukiimulika toka ubavuni inatoa mistari ya kijivu iliyonyooka kama bati la msauzi. Ukimwaga maji kidogo juu ya kioo na matone ya mafuta ya kula unapata maduara ambayo hata wewe uliyeyatengeneza hutayafahamu, ila kioo kiwe sawasawa, la sivyo mafuta yanakimbilia upande mmoja na kudondokea karatasi.

Yeye hata mkono wake alitumia, kuna fotogramu ya 1926 yenye mkono na brashi ya kuchorea. Mkono uliogusa karatasi uko wazi, ulioinuka umefifia. Jaribu kuinua vidole viwili tu, uache vitatu vimegusa.

Ya ziada

Solarizesheni, yaani kuipiga picha mwanga tena ikiwa bado kwenye devolopa. Sayansi yake ilijulikana tangu miaka ya 1860 kupitia Sabatier wa Ufaransa, ila walioifanya iwe sanaa ni Lee Miller na Man Ray, Paris, kuanzia 1929 hivi. Miller alisimulia kwamba kitu kilimpitia mguuni gizani, labda panya, akapiga kelele akawasha taa wakati negativu ziko kwenye dawa. Wao walifanya zaidi kwenye negativu, wewe fanya kwenye fotogramu yako. Iache kwenye devolopa mpaka nusu ya muda, acha kutikisa, dawa itulie, washa taa nyeupe hafifu sekunde moja tu, zima, iache imalizie bila kuigusa. Penye nyeupe panageuka kijivu na kwenye mpaka wa nyeusi na nyeupe panabaki uzi mwembamba mweupe kama umechorwa kwa kalamu. Nyingi zitatoka matope, hiyo ni kawaida ya njia hii, andika sekunde ulizotumia nyuma ya kila karatasi kwa penseli ili usibahatishe tena.

Na kwa asiyetaka dawa hata tone, kuna vioo vya Alvin Langdon Coburn. Huyu Mmarekani aliyehamia Uingereza, alifunga vioo vitatu vya kujitazamia kuwa pembetatu mbele ya lenzi, akapiga vipande vya mbao na vya kioo vilivyopangwa juu ya meza ya kioo, akampiga na mshairi Ezra Pound, na Februari 1917 akazionyesha London. Zinaitwa vortografu. Nenda kwa fundi vioo mwambie akukatie vipande vitatu vya upana sawa, sentimita nne kwa kumi na mbili inatosha, akupige msasa kingo, vifunge na selotepu pande zinazoakisi ziangaliane ndani. Kishikilie mbele ya lenzi ya simu, tumia lenzi ile ya kawaida siyo ile pana, maana pana inaona mpaka kingo za vioo, bonyeza kwenye skrini ufungie fokasi kwenye kitu chenyewe la sivyo simu itahangaika na selotepu, na mwanga uje toka nyuma ya kitu, siyo mbele. Anza na glasi tupu na vijiti vya kiberiti. Sura ya mtu iache kwanza, ni ngumu, ikijirudia mara sita macho yanazidi na inakuwa kichekesho, hata yule Pound alitoka vizuri zaidi pale Coburn alipompiga kwa upande, kivuli cheusi tu cha pua na ndevu.

Vioo vikishika alama za vidole futa na gazeti na siki ile ile iliyobaki.